Jina Lililoitwa Dosari



Wiki chache zilizopita, baada ya chakula cha jioni, frateri mmoja alinionyesha habari kwenye simu yake. Ilihusu kitabu cha katuni, Action Comics namba 1 cha mwaka 1938, ambacho ndani yake Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Kilipotoka kiliuzwa senti 10. Mwezi Aprili 2024 nakala moja iliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola milioni 6. Pichani kitabu kilikuwa ndani ya kasha gumu la plastiki angavu, na juu yake lebo yenye alama 8.5. Frateri akaniuliza swali moja tu: "Padre, huyo aliyekinunua atakisoma?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo liliwahi kunitoa kwenye mimbari nikiwa najiona nimehubiri vizuri, kumbe nimemjeruhi mtu. Nikamwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi ili na wengine wasome. Ndugu msomaji, jibu lenyewe ni hili.

Kwanza nieleze mambo yalivyo, kwa kuwa wengi wetu hatukuyazoea. Sisi tuliopita seminari ndogo tunakumbuka jarida la Sani, na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Madenge. Nakala moja ilisomwa na bweni zima. Ilipita chini ya madawati na chini ya mito, ikatoka jalada, kisha kurasa za katikati, na mwisho ikabaki ukurasa mmoja ambao kila mtu aliujua kwa moyo. Mlezi akiinasa, tuliamini kwamba huisoma kwanza ndipo aichane. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jarida lile lingekuwa mali. Lilikuwa la kusomwa, na lilisomwa mpaka likaisha.

Huko Marekani nako ilikuwa hivyo zamani. Katuni zilichapwa kwenye karatasi ya bei nafuu, ile ya mbao zilizosagwa, ambayo ina asidi na hugeuka njano, kisha kahawia, mwisho huvunjika kama chapati kavu. Watoto walizisoma, wakazibadilishana, mama zao wakazitupa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi za kila aina zilikusanywa kwa ajili ya mahitaji ya vita, na katuni nyingi zikaenda na mzigo huo. Ndiyo maana zile chache zilizopona zikawa adimu, na kitu adimu hutafutiwa bei.

Bei ilipopanda, ugomvi ukaanza. Muuzaji anasema kitabu ni kizuri, mnunuzi anasema kona imekunjika. Mwingine alibandika ukurasa uliochanika, au alipaka rangi pale ilipopauka, asiseme. Mwaka 2000 kampuni ya Certified Guaranty Company, maarufu kama CGC, ilianza kazi huko Marekani. Unawatumia kitabu chako na ada, wataalamu wao wanakikagua ukurasa kwa ukurasa, wanakipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha wanakifungia katika kasha lenye lebo na namba. Rangi ya lebo nayo husema jambo: buluu ni kitabu cha kawaida, zambarau ni kilichofanyiwa ukarabati, njano ni chenye sahihi iliyowekwa mbele ya shahidi wa kampuni. Ukilivunja kasha, alama imekufa. Kitabu ni kile kile, lakini hakuna tena anayekudhamini mbele ya mgeni.

Basi wakusanyaji wamegawanyika. Wapo wasemao kwamba kitabu ni cha kusomwa, na kukifungia ni sawa na kumzika mtu akiwa hai. Wapo wasemao kwamba bila kasha kitabu kitakufa mikononi mwa wasomaji, na wajukuu hawatakiona. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza kabla hata ya kujua kwamba kuna makundi.

Kuanzia mwaka 2016 hadi 2018 nilikuwa masomoni katika jimbo la Ohio, nikikaa kwenye nyumba ya mapadre ya parokia moja na kusaidia Misa za Dominika. Katika wazee wa kanisa alikuwapo mmoja aliyenichukua kama mdogo wake. Ndiye aliyenifundisha kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, na kutembea juu ya theluji bila kuanguka. Nilimwita Mzee. Alipojua kwamba kwetu ni neno la heshima alifurahi, akawa anajitambulisha hivyo hata kwa wenzake.

Siku moja nilikunywa kahawa nyumbani kwake. Juu ya meza ya kuandikia niliona kasha la plastiki, na ndani yake The Amazing Spider-Man namba 1 ya mwaka 1963, alama 3.5. Nikauliza kama naweza kukishika. Akanipa kasha. Nikauliza kama naweza kufungua kurasa. Akatabasamu, akasema haifunguki. Nikarudi nyumbani nikicheka moyoni: Wazungu bwana, wananunua kitabu wasikisome!

Dominika ya 33 ya mwaka ule, tarehe 19 Novemba 2017, Injili ilikuwa ile ya talanta. Mnajua jinsi mhubiri anavyofurahi akipata mfano wa karibu. Nikawaambia waamini kwamba katika nyumba moja ya parokia yao nimeona kitabu cha watoto kilichofungiwa ili mtoto yeyote asikiguse, na nikauliza kama hiyo si talanta iliyofukiwa ardhini. Watu walicheka kwa adabu. Nilipotazama nyuma nilimwona Mzee amesimama na kikapu cha sadaka. Hakucheka wala hakukasirika. Aliinamisha macho kwenye kikapu.

Jumatatu alinipigia simu. "Father, njoo unywe kahawa. Leo utakaa muda mrefu kidogo."

Nilipofika, kasha lilikuwa mezani. Akaniambia nisome lebo vizuri, siyo alama tu, bali na maneno madogo ya chini. Nikasoma. Palikuwa pameandikwa kwamba kuna jina lililoandikwa kwa kalamu kwenye ukurasa wa kwanza.

"Hilo ni jina la kaka yangu," akasema. "Alifia Vietnam mwaka 1968, akiwa na miaka 21. Kitabu hiki alikinunua senti 12, na usiku alinisomea chini ya blanketi kwa tochi, mimi nikiwa na miaka kumi. Aliandika jina lake ili nisidai kwamba ni changu."

Nikatazama tena lebo. Kwa aliyekikagua kitabu, lile jina lilikuwa dosari. Lilihesabiwa pamoja na kona zilizokunjika na mkato kwenye uti wa jalada. Hakukosea, hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Lakini Mzee alikuwa ameishi miaka kadhaa na kipande cha plastiki kilichomwambia kwamba mwandiko wa kaka yake umo ndani, na hapo hapo kikamzuia kuuona.

Nilitaka kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono. Alitaka kwanza nijue habari yote.

Kasha hakulinunua yeye. Miaka michache kabla, bomba lilipasuka katika chumba cha chini cha nyumba, maji yakaingia kwenye maboksi. Nusu ya katuni za kaka yake zikageuka uji. Mwanawe mkubwa, aliyekuja kusaidia kutoa maji, alikikuta kitabu hiki juu kabisa kikiwa kikavu. Akaondoka nacho bila kusema neno, akalipa ada, akasubiri miezi, na siku ya Noeli akamkabidhi baba yake kikiwa kimefungiwa salama. Kijana yule alikuwa ameokoa kumbukumbu ya baba mkubwa wake ambaye hakumwona kamwe. Je, unamwambiaje mtoto wa namna hiyo kwamba zawadi yake inakuumiza?

Na lilikuwapo jambo la tatu. Mjukuu wake, binti wa huyo kijana, alikuwa anajiandaa kuingia chuo cha uuguzi. Kitabu kile, kikiwa ndani ya kasha, kingeuzwa kwa maelfu kadhaa ya dola. Kikiwa nje ya kasha kingebaki na thamani, lakini mnunuzi asiyemfahamu Mzee angeogopa, na hofu ya mnunuzi hupunguza bei.

Ndipo nikaona jinsi mahubiri yangu yalivyokuwa mepesi. Nilidhani ugomvi ni kati ya wanaopenda hadithi na wanaopenda fedha. Kumbe hadithi yenyewe haikuwa imefungwa popote. Kitabu kile kimechapwa upya mara nyingi, na mtoto yeyote anaweza kukisoma leo kwa bei ndogo. Mzee alikuwa na nakala mpya kwenye rafu, akanionyesha. Tukaisoma pamoja. Iko sehemu ambayo kijana Peter Parker, aliyefiwa na mjomba wake, anatafuta fedha za kumsaidia shangazi. Anafanya maonyesho akiwa amevaa barakoa, analipwa kwa hundi iliyoandikwa jina la Spider-Man. Anapoipeleka benki, karani anamdai kitambulisho. Vazi peke yake, anaambiwa, si uthibitisho. Mzee akacheka sana hapo. "Unaona, Father? Hata yeye alihitaji kasha na lebo."

Maneno hayo yalinikaa. Kasha halikifanyi kitabu kuwa kizuri. Kasha hufanya watu wasiojuana waaminiane. Baba na mwana hawahitaji lebo kujua kitabu ni cha nani. Lebo huhitajika pale ambapo kitu kinakwenda kwa mgeni. Kwa hiyo swali la kweli halikuwa kama vitabu vifunguliwe au vifungiwe. Lilikuwa: kitabu hiki kinatunzwa kwa ajili ya mkono wa nani?

Jioni ile Mzee alinisimulia jambo jingine ambalo sikulijua, nami naliandika hapa kwa kuwa linatuhusu sisi Wakatoliki. Kanisa la Marekani limekuwa na historia ndefu na katuni, na si yote ya kujivunia. Mwaka 1948 katuni zilichomwa moto hadharani katika miji kadhaa, kwa hofu kwamba zinawaharibu watoto. Huko Binghamton, katika jimbo la New York, waliokusanya na kuchoma walikuwa wanafunzi wa shule ya Kikatoliki. Picha zipo, watoto wamesimama wakitazama moto. Na wakati huo huo Wakatoliki walikuwa na katuni yao wenyewe, Treasure Chest, iliyochapishwa Dayton huko huko Ohio kuanzia mwaka 1946 hadi 1972 na kugawiwa katika shule za parokia.

Mwaka 1964, Mzee akiwa na miaka kumi na moja, Treasure Chest ilitoa hadithi ya mfululizo katika matoleo kumi kuhusu mtu aitwaye Pettigrew anayegombea urais wa Marekani. Mwandishi alikuwa Berry Reece na mchoraji Joe Sinnott. Katika matoleo yote uso wa mgombea ulifichwa, mara kwa mkono wa mtu, mara kwa kamera, mara kwa maneno ya mazungumzo. Watoto walimpenda kwa matendo yake. Ukurasa wa mwisho wa toleo la mwisho ndipo uso ukaonekana, naye ni mtu mweusi. Ulikuwa mwaka ule ule ambao sheria ya haki za raia ilipitishwa nchini humo.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Darasa zima lilikaa kimya. Sista hakusema kitu. Alituacha tutazame." Kisha akanitazama mimi, padre mweusi niliyeketi jikoni kwake, na sote wawili tukaona haya kidogo. Nakala yake ya toleo lile ilipotea zamani. Lakini Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani huko Washington kimeziweka Treasure Chest kwenye intaneti, na yeyote anaweza kuzisoma bure. Nilizisoma usiku ule ule. Nikawaza: kama watoto wale wangezihifadhi bila kuzifungua, nani angefika kwenye ukurasa wa mwisho?

Hata hivyo ningekuwa nadanganya kama ningesema kwamba hilo linamaliza hoja. Maana leo tunazisoma kwa sababu kuna mtu alizitunza. Wasomaji walizimaliza, watunzaji wakazifikisha kwetu. Bila wa kwanza zingekuwa karatasi tupu, na bila wa pili ningekuwa nasikia habari zake tu.

Alhamisi ya wiki ile ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, nami nilialikwa. Baada ya bata mzinga, Mzee alimwambia mwanawe mbele ya wote kwamba anataka kulifungua kasha. Kijana aliweka uma chini. Hakupandisha sauti. Alisema, "Baba, ningekuuliza wakati ule ungesema tusubiri. Maji yasingesubiri." Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba yeye hakuwahi kujali bei, bali aliogopa kwamba baba yake akifa, watoto watakuta boksi la karatasi zilizooza na hawatajua kwamba baba yao mkubwa aliwahi kuishi. Kasha lilikuwa njia yake ya kusema kwamba mtu huyu ana maana.

Binti aliulizwa anaonaje. Akasema babu afanye anachotaka. Alikuwa na miaka kumi na saba, na anayejua gharama za chuo cha uuguzi pale mezani alikuwa yeye. Jibu lake lilikuwa la upendo, lakini niliona limemgharimu. Wala sikumshauri Mzee kitu. Nilikuwa nimeshahubiri vya kutosha.

Mwezi Desemba ule Vatikani ilitoa Maelekezo mapya kuhusu masalia ya watakatifu, jinsi ya kuthibitisha ukweli wake na kuyatunza. Nikiyasoma nikakumbuka kwamba Kanisa nalo lina makasha. Salio la mtakatifu hufungiwa, hufungwa uzi na lakiri ya nta, na huambatana na hati. Lakiri ikivunjika bila mamlaka, mashaka huingia. Sisi tulianza mambo haya karne nyingi kabla ya wapenda katuni. Lakini salio halifungiwi ili lisahaulike. Hufungiwa ili watu walibusu bila kulimaliza.

Nikakumbuka na tabernakulo. Waamini wengi hudhani Ekaristi huhifadhiwa ili tu tupate kuisujudia. Kuisujudia ni vema na ni haki, lakini sababu ya kwanza ya kuihifadhi, kama Kanisa linavyofundisha, ni wagonjwa na wanaokaribia kufa, wapate chakula cha safari ya mwisho. Tabernakulo ina ufunguo kwa sababu ni takatifu, na ufunguo ule hukaa karibu kwa sababu usiku wowote mtu anaweza kubisha hodi.

Kisha nikaisoma tena Injili ya Marko sura ya 14, yule mwanamke wa Bethania aliyekuja na marhamu ya thamani ndani ya chombo cha alabasta. Hakulegeza kizibo akamimina kidogo. Alikivunja chombo. Waliokuwapo walifanya hesabu haraka: zaidi ya dinari 300, na maskini wangepewa. Hesabu yao haikuwa mbaya, maana maskini walikuwapo kweli, kama binti yule alivyokuwapo mezani. Bwana hakuwaambia kwamba maskini hawana maana. Alisema mwanamke huyu ametenda jema, kwa kuwa saa ilikuwa ni ile na haitarudi. Sijawahi kuona kifungu hicho kuwa rahisi, na tangu mwaka ule naona ni kigumu zaidi.

Kaka yake Mzee alikufa mwezi Februari 1968. Ilipotimia miaka hamsini, nilimwadhimishia Misa asubuhi, na jioni tukakutana jikoni: Mzee, mwanawe, mjukuu na mimi. Kijana ndiye aliyefungua. Aliingiza bisibisi bapa kwenye kona ya kasha, akabonyeza taratibu, plastiki ikalia kama kuni kavu. Ndani kulikuwa na mfuko mwingine laini, akaukata kwa mkasi upande wa juu. Lebo aliiweka kando, hakuitupa. Harufu ya karatasi ya zamani ikajaa jikoni, nami ghafla nikakumbuka bweni letu na Sani yetu isiyo na jalada.

Mzee alinawa mikono, akaikausha vizuri, akafungua ukurasa wa kwanza.

Jina lilikuwapo. Jina tu. Hapakuwa na barua wala siri wala neno la buriani, kwani kijana wa miaka kumi na sita hakujua kwamba angehitaji kuaga. Mzee alilitazama kwa muda, kisha akaugeuza ukurasa, akapitisha kidole nyuma yake. Kaka yake alikuwa akikandamiza sana kalamu. Herufi zilikuwa zimetokeza upande wa pili, na zilisikika kwa kidole. Alimshika mkono mjukuu wake akampitishia pale pale. Halafu mwanawe. Halafu akanipa na mimi. Hakuna picha ya intaneti ambayo ingetupa jambo lile, wala nakala mpya.

Kwa siku tatu kitabu kilikaa mezani. Walikisoma wote. Siku ya pili, binti akigeuza ukurasa, kona ndogo ya jalada ilikatika ikabaki mkononi mwake. Alilia. Babu yake akaiweka kona ile ndani ya bahasha, akamwambia sasa na yeye ameacha alama yake.

Mwezi Agosti nilirudi nyumbani. Mwaka 2019 Mzee aliniandikia. Alikuwa amekituma kitabu tena kukaguliwa, kikafungiwa upya, na safari hii kikapata 3.0. Kisha akakiuza, fedha zikaenda chuoni. Nusu alama ilikuwa imepotea. Aliandika kwamba amepiga hesabu, akaona nusu alama kwa siku tatu na kaka yake ni bei nafuu kuliko zote alizowahi kulipa. Na kuhusu kukiuza alisema hivi: kaka yangu hakuijua plastiki, lakini angempenda huyu mtoto.

Sikuwa nimefikiri kwamba mlango ungeweza kufunguliwa kisha kufungwa tena. Nilidhani ni lazima mtu achague upande mmoja mpaka kufa. Mzee alikifungua kitabu kwa ajili ya waliokuwa na haki ya kukigusa, na alipomaliza akakifungia kwa ajili ya mgeni atakayekitunza. Sijui kama kila mtu angefanya hivyo. Kama binti angekuwa mgonjwa na fedha zahitajika siku ile ile, pengine ningemwambia auze asubuhi. Lakini tangu hapo nikiona kitu kimefungiwa sianzi na dharau. Nauliza kinamngoja nani.

Mafrateri wapendwa, nanyi mnaishi ndani ya kasha. Kuta za seminari, kengele, ratiba, ukimya baada ya sala ya usiku, vyote vinawalinda kwa muda, na walezi tunawakagua ukurasa kwa ukurasa na kuwapa alama. Msilidharau kasha hilo. Bila hilo maji yangewakuta kwenye boksi. Lakini msije mkadhani kwamba lengo ni kupata alama kubwa na kukaa nayo. Kitabu chenye 9.8 kwa kawaida ni kile ambacho karibu hakuna mtu aliyekisoma. Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume Evangelii Gaudium wa mwaka 2013, aliandika kwamba anapendelea Kanisa lililojeruhiwa na kuchafuka kwa sababu limetoka kwenda barabarani, kuliko lile linaloumwa kwa kujifungia. Padre wa miaka thelathini ya utume ana kona zilizokunjika, na watu wameandika majina yao juu yake. Mkaguzi angeziita dosari.

Na mimi ninayo ya kuungama. Mama yangu aliniachia Misale yake ya Waamini. Jalada halipo, uzi umelegea, na kurasa za mwanzo ameandika kwa kalamu tarehe za kuzaliwa na za ubatizo za sisi wote saba, na baadaye tarehe za vifo vya wawili. Tangu tumzike niliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati. Nilijiambia naitunza. Baada ya kumwahidi frateri jibu nilipanda kwenye kiti nikaishusha. Mchwa hawakuwa wameifikia. Nilitafuta mwandiko wake, nikapitisha kidole nyuma ya ukurasa. Mama hakuwa na mkono mzito, hakuna kilichosikika. Lakini pale kwenye tarehe yangu pana doa la mafuta ya taa, na kwa doa lile nilimwona ameketi.

Usiku huwa naiweka mezani, mfuko wa nailoni ukiwa pembeni tayari kwa msimu wa mvua. Na kwa frateri aliyeuliza: aliyenunua kwa dola milioni 6 sijui kama atasoma. Lakini wewe una kitabu ambacho mtu wako aliandika jina. Nenda kakifungue, unawe mikono kwanza.